Konokono kwenye tangi la samaki: usikimbilie dawa

Kama umewaona konokono kwenye tangi lako la samaki na hukumbuki kununua hata mmoja, tafadhali usimwage dawa. Mimi nilimwaga, na gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, kumi na mmoja wakafa ndani ya siku mbili.

Tangi langu ni la lita 40, liko sebuleni hapa Mwanza. Nilianza na gapi kumi na sita, mchanga, na chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Lilikuwa safi ila limepooza, halina kijani. Jumapili moja nikashuka ziwani na ndoo, nikang'oa majani ya majini, nikayasuuza bombani na kuyapanda. Wiki ya tatu nikamwona konokono wa kwanza, mdogo kama punje ya mtama. Nilifurahi, nikamwita mwanangu aje amwone. Miezi miwili baadaye niliwasha tochi ya simu usiku kuangalia samaki, nikakuta kioo kimefunikwa na konokono kuanzia mchangani hadi juu.

Ukitaka kujua waliingiaje, geuza jani la mmea wako. Utakuta tone la ute limegandia upande wa chini, linang'aa, halizidi ukucha wa kidole kidogo. Limulike: ndani kuna vidoa vingi, na kila kidoa ni yai. Kusuuza bombani hakuliondoi, mpaka ulikwangue. Katika maji ya uvuguvugu kama yetu hawachukui muda kuanguliwa. Tena wengi wa konokono hawa wana jinsia zote mbili mwilini, na wapo wanaoweza kutaga mayai yakaanguliwa bila kukutana na mwenzao. Kwa hiyo mmoja tu anatosha kulijaza tangi.

Dawa niliyouziwa ilikuwa na shaba, na shaba inaua konokono kweli. Shida inakuja baada ya hapo. Mamia walikufa kwa pamoja, wengine chini ya mchanga ambako siwezi kuwafikia, wakaozea humo na kuyajaza maji amonia, sumu inayotokana na uozo. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama yaliyooshea mchele, gapi wote wako juu wanatweta. Na kwa kuwa kuna waliopona, mwezi haukuisha konokono wakawa wamerudi.

Nikaamua kuwatoa kwa mkono, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Siku moja nilikuwa kliniki na mtoto, nikamsimulia muuguzi mambo ya tangi langu. Akaacha kuandika. "Hao umewatoa ziwani, kaka? Na unaingiza mkono mtupu?"

Sisi wa kanda ya ziwa tunakijua kichocho tangu shuleni, lakini sikuwahi kukihusisha na sebule yangu. Konokono bapa, aliyejiviringa kama kamba iliyokunjwa, ndiye anayebeba kichocho cha tumbo. Yuko mwingine mwenye ncha, huyo anabeba cha njia ya mkojo. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea, na hupenya ngozi hata isiyo na kidonda. Huwezi kumtambua aliyeambukizwa kwa kumwangalia. Nilipimwa, nikakutwa nacho, nikapewa vidonge vya prazikwanteli. Siwezi kuapa kwamba nilikitoa kwenye tangi, maana nimeogelea ziwa hili tangu utoto. Ila tangu siku hiyo mkono wangu hauingii majini bila glavu ndefu, na mpira wa kunyonyea uchafu naujaza maji kwanza. Siuvuti tena kwa mdomo. Cha kukutuliza ni kwamba konokono aliyeanguliwa ndani ya tangi hazaliwi na kimelea. Hukipata pale mkojo au kinyesi cha mgonjwa kinapofika kwenye maji anamoishi. Wa kuogopwa ni yule aliyetoka ziwani mwenyewe.

Sasa, kilichowapunguza kwangu ni chakula. Konokono haongezeki kwa hewa. Anaongezeka kwa kile ambacho samaki hawakukila. Nyumbani kwangu kila aliyepita karibu na tangi alirusha chembe mbili tatu: mimi asubuhi, mke wangu mchana, watoto wakitoka shule, mgeni akifika. Gapi hawakatai kuomba, basi ukiwatazama unadhani wana njaa siku zote. Nililiweka kopo la chakula juu ya kabati, tukakubaliana ni mtu mmoja tu analisha, mara moja kwa siku, kiasi cha kubana kwa vidole viwili na kinachoisha ndani ya dakika mbili. Ijumaa hawali kabisa, na hakuna gapi aliyedhurika. Kila wiki nanyonya uchafu wa mchangani na kutoa majani yaliyooza.

Sambamba na hilo niliwategea. Usiku, taa zikizimwa, nilizamisha kipande cha tango kilichochomekwa kwenye uma ili kisielee. Jani la saladi lililopitishwa kwenye maji ya moto linafaa pia. Alfajiri unakiinua taratibu na waliokishikilia. Asubuhi ya kwanza nilihesabu 63, wiki ya pili kama arobaini, na baada ya miezi miwili nilikuwa napata wanne au watano. Usiwatupe mtaroni wala kuwarudisha ziwani. Mimi nawamwagia maji yanayochemka, kisha nawafukia chini ya mpapai.

Mzee mmoja pale mwaloni Kirumba alinishauri nimweke furu, samaki wa ziwani. "Mwanangu, wako furu wanaovunja konokono kama karanga." Ni kweli, ziwa letu lina furu mwenye meno ya kooni yenye nguvu ya kuseta magamba. Lakini wataalamu walipojaribu kumfuga kwenye mabwawa ili apunguze konokono wa kichocho, waliona kwamba akizoea vyakula laini taya zake hazikui na nguvu ile ile, naye huwaacha konokono. Zaidi ya hayo, ni samaki mkubwa kwa lita 40, na atawamaliza gapi kwanza. Nilimshukuru mzee, sikumchukua.

Nimebaki na konokono labda ishirini, nami siwagusi. Wanakula ukungu wa kijani kwenye kioo, na wakipanda wote juu kwa pamoja mchana, najua maji yameharibika kabla gapi hawajaanza kutweta.

Mimea ya ziwani nimeacha kuchukua. Hata ile ya dukani haiingii tangini siku hiyo hiyo. Inakaa kwenye ndoo yenye shabu, ile ile ya kutuliza maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, siku mbili. Kisha naisuuza, nageuza jani moja moja, na nikiona ute naukwangua kwa kucha iliyo ndani ya glavu. Hivi ninavyoandika ndoo iko barazani ina mashina matatu. Kesho kutwa nitayatoa.