Mashua: stata inazunguka, injini haiwaki baada ya kubadili filta

Kaka, kama iligoma mara tu ulipobadili filta ya dizeli, imeingiza upepo. Hakikisha kwanza waya wa kuzimia umerudishwa ndani (wengi huusahau), kisha acha kupiga stata.

Fungua koki ya tangi. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, mizunguko miwili tu, usukume kikono cha pampu ndogo ya mafuta mpaka dizeli itoke bila mapovu. Kikono kikiwa kilegevu, zungusha injini mzunguko mmoja. Kemu (nundu ya ndani ya injini inayosukuma pampu hiyo) ndiyo imekibana. Kaza, rudia kwenye pampu ya nozeli. Bado? Legeza nati za mabomba ya nozeli, mara nyingi spana 17, sukuma mkono wa mafuta (wa mwendo) mpaka mwisho, piga stata hadi zicheue dizeli, kaza. Usiweke kidole hapo, presha yake hupenya ngozi.

Hatari kubwa iko kwenye maji ya chumvi. Kila unapopiga stata, pampu ya maji ya kupozea injini inayajaza kwenye saelensa, na bila moshi wa kuyasukuma nje, yanarudi hadi kwenye silinda. Funga koki ya bahari (inayoingiza maji hayo), piga sekunde 10 ukipumzisha, na ifungue papo hapo injini ikiwaka, la sivyo mpira wa pampu utaungua.

Upepo ukirudi kesho, badili washa za shaba na kagua bomba la kutoka tangini. Na kama mashua italala Msasani masika yote, jaza tangi. Nafasi tupu huvuta unyevu, maji yakatua chini.