Ganzi ya mguu: je, kunyoosha mgongo kutasaidia?

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, itakuondolea ganzi na maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Inategemea kama neva imebanwa tu au imeshaharibika.

Neva iliyobanwa, mara nyingi na diski iliyochomoza kati ya pingili, huweza kupata nafuu. Wagonjwa wengi huwa wamepata ahueni ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, na mikono ya mtaalamu aliyesomea inaweza kupunguza maumivu. Neva iliyoharibika ni jambo jingine: kunyoosha mgongo hakuioteshi upya. Hata ikiota yenyewe, hukua takriban milimita 1 tu kwa siku. Na kama chanzo ni kisukari au upungufu wa vitamini B12, mgongo hauna kosa lolote. Kwa hiyo anza kwa daktari, akupime sukari, hisia na nguvu za misuli.

Shingo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kuizungusha kwa nguvu kumewahi, ingawa kwa nadra, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi. Kama mifupa yako ni dhaifu au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema kabla hujaguswa.

Tena nakusihi: ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, au miguu yote miwili ikilegea, usisubiri miadi yoyote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.