Kwa mwanangu, kuhusu yule msemaji wako

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza umfanyeje yule mshiriki aliyeiteka warsha yako siku nzima, wenzake 22 wakabaki kutazama saa. Nitakujibu, lakini kwanza niambie: viti vilipangwaje? Nakujua. Ulifika robo saa kabla, ukakuta safu kama za darasani, ukasema basi, twende hivyo hivyo. Nilikuwa nakwambia tangu ukinibebea lile boksi la kalamu: chumba ndicho mwezeshaji wa kwanza. Watu wakikaa safu wanaonana visogo tu, na kila anayeongea anaongea na wewe. Wakae meza za watu wanne au watano. Msemaji wako atapata wanne wa kuwachosha, si 22.

Mimi nilishawahi kumnyamazisha mtu. Ni siku ile niliyorudi viatu mkononi, mkaambiwa mama anaumwa kichwa. Hakikuwa kichwa. Asubuhi projekta iligoma, nikahangaika na nyaya dakika arobaini, watu wakiutazama mgongo wangu, na karatasi kubwa za ukutani zipo pale pale hazijaguswa. (Kifaa kikikukatalia dakika tano, achana nacho, andika kwa mkono.) Nilipoanza nilikuwa nadaiwa muda, na nina hasira. Mzee mmoja akanyoosha mkono mara ya tatu, au ya nne. Nikamwambia mbele ya wote: "Mzee, hata wengine wana midomo." Wakacheka. Yeye akafunga daftari, akalaza kalamu juu yake, katikati kabisa, kama anayepima. Hakusema tena mpaka jioni. Na wengine hawakusema vilevile.

Nadhani alikuwa anajaza pengo nililoliacha mimi. Au najihukumu bure, labda alikuwa msumbufu tu. Watu hao wapo, sisi tuna baba yako mkubwa. Lakini kalamu ile bado naiona.

Tangu hapo nikiuliza swali, kila mtu huandika peke yake dakika tano kabla mdomo wowote haujafunguka. Sikulibuni mimi: mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliofikiri pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja kivyake. Mawazo ya waliojitenga, yakijumlishwa, yalikuwa mengi zaidi. Halafu waonyeshane wawili wawili, halafu uanze kusikiliza meza ya nyuma. Msemaji wako mpe uandishi wa kundi, mkono ukiwa na kazi ulimi hupungua kasi. Akitoka nje ya mada, liandike swali lake ukutani, na ulirudie kabla ya kufunga. Usiporudi, atajua ulimzuga.

Ulimvuta pembeni wakati wa mapumziko, hilo nimelipenda. Ila unasema ulimwambia "wenzako wamelalamika." Walilalamika, au ni wewe uliyechoka? Sisemi ulikosea, sikuwepo. Lakini hilo neno "wenzako"... Haya, naacha.

Warsha ya pili ni Alhamisi, sivyo? Fika saa nzima kabla, upange viti. Chumba ndicho mwezeshaji wa kwanza. Boksi la kalamu liko juu ya kabati, pitia ulichukue. Nyekundu zimekauka, usizibebe.

Mama yako