Uliza Mwalimu: Haki ya maji vitani, nani nimshtaki?

SWALI: Mwalimu habari ya siku. Mimi ni dereva wa lori, masafa marefu, nyumbani ni Nakuru huku Free Area. Januari 2025 vita vilinikuta Goma, mashariki mwa Kongo, stima ikapotea, mifereji ikakauka, mimi na tanboi wangu tukawa tunachota maji Ziwa Kivu na jerikeni ya mafuta ya kupikia, pale pale watu wanafua na kuoga, na wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliokuwa wanasukuma mitungi mjini wanapandisha bei kila asubuhi. Tuliharisha wote wawili siku nne. Sasa nimefika nyumbani nasikia kwa redio eti maji safi ni haki ya binadamu. Haki gani hiyo, na kama iko nani nimshtaki? – Dereva, Nakuru

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na pole kwa tanboi, huyo kwa kawaida husahaulika.

Haki iko. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kwamba maji safi ya kunywa na vyoo ni haki ya binadamu, nchi 122 zikakubali, hakuna hata moja iliyokataa, 41 zikajizuia, na kati ya hizo 41, usicheke, ilikuwemo Kenya. Mwezi mmoja baadaye, 27 Agosti, sisi hao hao tukazindua Katiba yenye kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mpaka leo sijaelewa tulikuwa tunaogopa nini kule New York.

Ya vita ina sheria yake, ya zamani zaidi, Itifaki za 1977 zilizoongezwa kwa Mikataba ya Geneva. Ya kwanza kwa kifungu cha 54 inakataza kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawaishi bila hivyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa waziwazi. Ya pili, kifungu cha 14, inasema karibu hivyo hivyo kwa vita vya ndani ya nchi, kwa hivyo hata waasi wasikwambie haiwahusu.

Lakini angalia venye maji yalikufa Goma. Huo mji umekaa juu ya mawe ya volkano, maji yanavutwa ziwani na pampu, na pampu inakula stima. Ukikata waya huna haja ya kugusa bomba. Fundi anayejua valvu iko wapi akiogopa kutoka kwake, klorini, ile dawa ya kusafisha maji, ikikwama njiani, basi mji mzima uko ziwani na mitungi na hakuna aliyerusha kombora kwa tanki. Mimi ndio maana kelele zangu zote ni kwa waya na fundi, juu ile orodha ya kifungu cha 54 inataja mitambo ya maji, mashamba, mifugo, stima haimo, ingawa ni orodha ya mifano tu na wanasheria wanaweza kuiingiza. Goma hiyo hiyo mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika, karibu watu 50,000 walikufa mwezi wa kwanza, wengi ni kipindupindu na kuhara damu. Si risasi. Na UNICEF walihesabu mwaka 2019 kwa nchi zenye vita virefu wakakuta watoto chini ya miaka 15 wanakufa kwa magonjwa ya maji machafu karibu mara tatu kuliko kwa vita vyenyewe.

Wewe binafsi kushtaki, sikudanganyi, ni ngumu. Kinachoweza kushtakiwa ni mtu mkubwa kwa mahakama ya Hague. Julai 2010, mwezi ule ule wa kura, mahakama hiyo ilitoa hati ya pili ya kumkamata Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, na kati ya mambo yaliyoandikwa mle ni kuchafuliwa kwa visima na pampu za maji za vijiji vya Darfur. Hajafikishwa huko.

Na ukitaka kipimo, mashirika ya misaada hulenga angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kuoga. Mtungi wa 20 haujajaa! Mwaka 2008 nilikuwa napeleka unga pale Showground Nakuru, wakimbizi wetu wenyewe hao, na kwa mfereji hukuona foleni ya watu, uliona foleni ya mitungi, kila mmoja umefungwa kitambaa chake ama umepakwa rangi ya kucha ili usibadilishwe, na wenyewe wamekaa kivulini wakiichunga kwa macho. Hapo ndio nilijua lita 15 ni nini.

SWALI: Wanajeshi wakiteka tanki la maji, adui anaruhusiwa kulipiga? – Bungoma

JIBU: Kama maji ni ya wanajeshi peke yao, sheria inalegea. Kama tanki linasaidia mapigano moja kwa moja, pia inalegea, ila hata hapo hawaruhusiwi kulipiga ikiwa raia watabaki na maji kidogo mpaka wafe njaa au wahame. Nani anapima hiyo katikati ya vita, sasa hilo ni swali lingine.

SWALI: Mwalimu, mpwa wangu anafundisha Kakuma. Anasema maji ya kambini yananuka dawa, yeye humwaga. Anafanya sawa? – Mama wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: La, mama. Hiyo harufu ndio ulinzi wenyewe. Maji yanaweza kutoka mferejini yakiwa safi halafu yakachafukia kwa mtungi na kikombe, ile klorini iliyobaki ndio inayoua wadudu wakiingia njiani. Kama harufu inamshinda ayamimine mara kadhaa kutoka chombo kimoja safi hadi kingine, itapungua. Na kikombe cha kuchotea kisilale chini.