Kupanga favoriti kwenye tovuti za picha zenye tagi, mimi nafanya hivi

Mkuu umesema umesevu picha nyingi sana Danbooru, ile tovuti ya michoro ya mtindo wa anime, mpaka ukitaka moja unaskroli weee bando linakata hujaiona, na unauliza kama kuna namna ya kuziwekea folda. Mimi ni mchoraji, niko Kirumba hapa Mwanza, nachora mabango na kava za nyimbo, na hizo tovuti ndo naangaliaga mwanga na mikao kabla sijaanza kazi. Ushauri wangu, usianze na folda.

Tovuti ya tagi imeshakupangia tayari. Watu wameshaiandikia kila picha kilichomo ndani kwa maneno mafupi, ndo hizo tagi, kazi yako ni kuuliza tu. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika fav:jinalako (jina la akaunti, bila kuacha nafasi), acha nafasi alafu weka tagi, mfano fav:jinalako rowboat, zinakuja zile ulizopenda wewe tu zenye mtumbwi. Ukiandika ordfav badala ya fav zinakuja kwa mfuatano uliozisevu, ya karibuni juu. Alama ya kutoa (-) mbele ya tagi inaondoa usichotaka. Akaunti ya bure ina mwisho wa tagi mbili kwa mara moja, kwahiyo usiipoteze nafasi kwa tagi pana kama night, tafuta ile adimu.

Nikupe mfano wa kweli. Kuna mama anauza dagaa pale Mwaloni alitaka bango lenye mitumbwi usiku, zile taa za wavuvi zinavyomulika majini siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Nikatafuta lantern kwenye favoriti zangu, zikaja nzuri tu, ila kuna moja naikumbuka kabisa, mtoto kashika taa kando ya mto na mwanga umevunjikavunjika kwenye maji, hiyo haikuja. Nikaitafuta kwa reflection ikatokea, kumbe aliyeipandisha hakuandika lantern. Basi nikabonyeza kuhariri nikaiongezea tagi. Hii watu wengi hawaifanyi na inaniuma, maana ukirekebisha tagi ya picha moja favoriti zako zinakaa sawa na mtu mwingine huko aliko anaiona pia. Ila usiweke tagi za mambo yako binafsi kama kazi_ya_dagaa, tagi ni za wote, zinasema kilichomo kwenye picha basi.

Sasa sababu yako ya kuisevu ndo inakaa kwenye grupu la favoriti, yaani mkusanyiko unaoutengeneza mwenyewe humohumo na kuupa jina. Tagi haiwezi kujua kwamba hii nimeipenda kwa jinsi mikono inavyovuta kamba, au kwamba hizi nne namwonyesha mteja kesho. Kwahiyo magrupu yangu ni machache na majina yake ni ya kazi, "mikono na kamba", "taa majini", sio "mitumbwi", mitumbwi naipata kwa tagi. Na ndani ya grupu unaweza kuzipanga zifuatane unavyotaka, mteja akikaa pembeni yako unampitisha moja moja.

Kingine, picha zinaweza kutolewa, msanii mwenyewe akiomba zishushwe zinashushwa na ni haki yake. Ile unayoitegemea sana fungua linki ya chanzo ukamfuate msanii kwenye ukurasa wake, hapo hata jina lake unalijua. Na kama unafungulia mbele ya watoto weka rating:g (zinazofaa watu wote) kwasababu humo kuna picha za wakubwa pia.

Lile lundo la zamani usilipange lote kwa mkupuo utachoka uache. Kazi ikija, tafuta kwa tagi, zinazofaa tia kwenye grupu, ambazo tagi zake pungufu jazia hapohapo, nyingine ziache zilipo.

Kama una akaunti na Gelbooru, tovuti nyingine ya aina hiihii, kule fav: inafuatwa na namba ya akaunti yako sio jina, ukiandika jina haileti kitu.