Krimu au kijivu? Weka simu pembeni kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Sebule yangu ya Tabata ina dirisha moja, linatazama magharibi, na mbele yake kuna ukuta wa jirani wa rangi ya tofali. Nimebakiza rangi mbili, krimu na kijivu cha kupauka. Nilizipiga picha dukani nikazirusha kwenye grupu la familia, kijivu kikashinda. Fundi wetu anasema tununue nyeupe, atachanganya mwenyewe tuokoe hela. Ipi inafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kilichoshinda ni kijivu cha simu. Shangazi kaona chake, kaka yako chake, cha ukutani hakuna aliyekiona. Kila wiki naletewa picha hizi, nimechoka.

Asubuhi jua litaupiga ukuta wa jirani, nao utakurudishia wekundu ndani: krimu itavuta kwenye pichi, kijivu chenye asili ya bluu kitavuta kwenye zambarau. Usiku ni mambo ya balbu. Soma boksi lake, namba yenye K ndiyo rangi ya mwanga: ya 3000K itaigeuza krimu kuwa siagi, ya 6500K itakifanya kijivu kipoe kama zahanati.

Nunua kopo dogo la kila rangi, paka kila moja kwenye kipande chake cha jipsamu, mikono miwili, yaani upake mara mbili. Subiri kesho yake, maana rangi ya maji kwa kawaida hukoza ikikauka. Viegemeze ukutani karibu na kochi, uvitazame asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka. Usiviweke bega kwa bega. Krimu itakifanya kijivu kionekane bluu kuliko kilivyo. Mimi naelekea krimu isiyo na njano kali, ila vipande vikinipinga, vifuate.

Sasa huyo mchanganyaji. Ndoo ya kwanza ataipatia kwa jicho. Ya pili je? Na mtoto akichafua ukuta mwakani, kiraka utakitoa wapi? Rangi ya mashine ya dukani ina namba yake kwenye kifuniko. Hiyo ndiyo ya kupiga picha. Ndoo zikiwa mbili, zimiminwe pamoja kabla rola haijagusa ukuta. Niliitwa Kimara kwenye sebule yenye vijivu vitatu ukuta mmoja, fundi hapokei simu. Tulipaka upya yote, na korido pia.