Mama ameipandisha fidla yangu darini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, naishi Ngamiani, Tanga. Nina selimundu tangu utotoni. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu, na ni hapo tu ninaposahau maumivu. Julai tulipiga kwenye harusi uwanjani hadi usiku wa manane, nikalazwa siku nne. Sikuwa nimekunywa maji tangu alasiri, maana jukwaani huwezi kutokatoka kwenda chooni. Mama ameipandisha fidla darini, anasema itaniua. Kikundini hawajui kama naumwa. Nikikosa mazoezi wanasema naringa. Nifanyeje? – F.*

Marahaba, mwanangu. Ule mstari wa maji umeupitisha mbiombio, nami ndipo niliponasa. Mwenye selimundu kushinda na kiu tangu alasiri ni kujitafutia wodi. Maji yakipungua mwilini, chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu kwa wingi zaidi na kuziba vijishipa, na hayo ndiyo maumivu unayoyajua kuliko mimi. Ongeza na baridi ya usiku wa kusi, nawe umevaa dera jepesi! Mama ameishtaki fidla, mkosaji ni chupa ya maji uliyoiacha nyumbani.

Basi iwe chini ya kiti chako, na unywe kila wimbo ukiisha. Vaa sweta, baibui litaisitiri. Habari ya choo isikutie haya, hata bi harusi huenda.

Kwamba ukipiga unasahau maumivu, nakuamini. Akili ikishikwa na vidole, na sauti, na kusubiri zamu yako ya kuingia, maumivu hukosa pa kukaa. Ila kusahau huko kusikupitishe mpaka. Kifua kikibana, au homa ikifika 38, weka fidla chini uende hospitali usiku huohuo. Na vidonge ulivyoandikiwa usiviache eti kwa kuwa wiki imekwenda vizuri.

Kuhusu kikundi nitakuwa mkali kidogo. Najua unachokiogopa: midomo ya watu, na posa. Lakini sasa hivi midomo hiyohiyo inakuita mwenye maringo, umefaidika nini? Si lazima utangaze. Mwambie kiongozi, na yule unayekaa naye ubavuni, ili siku ukibadilika rangi awepo anayejua la kufanya.

Mama usibishane naye. Aliona fidla jioni, akaona dripu alfajiri, akajumlisha. Ningekuwa mimi ningejumlisha vilevile. Siku ya kliniki nenda naye, umweleze daktari habari ya maji na baridi, mama akiwa amekaa hapo hapo. Jibu alisikie kwa daktari, si kwako. Kisha uombe kupigia nyumbani, mchana, naye akiwa jikoni anasikia. (Na katika mji uliolea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mama anayeficha fidla ana ujasiri wake!) Harusi za usiku zisubiri kwanza kusi ipite.

Ila hili la darini halingoji kliniki. Chini ya bati, kwa joto letu la Tanga, gundi ya fidla huachia na mbao zikafunguka. Mwombe leo aishushe, hata kama ataifungia kabatini kwake na ufunguo akae nao.